Masomo ya Nyumbani kwa Mtoto Mdogo



Kila mwaka mwezi Januari, shule zifunguliwapo, twawaona akina baba na akina mama wakihangaika kutafuta mahali pa kumpeleka mtoto wa miaka mitatu au minne. Wengine hukopa fedha ili mtoto aingie katika shule iliyotangazwa kwamba humo atajua kusoma kabla ya wenzake. Wengine humnunulia madaftari, kalamu, na mkoba unaomfika magotini. Tena walikuwako waliompeleka mtoto wa umri huo bweni, akalala mbali na mama yake muhula mzima, hata ikailazimu serikali kuingilia: mwezi Machi mwaka 2023 Kamishna wa Elimu wa Tanzania alitoa waraka wa kuzuia bweni kwa watoto wa darasa la awali mpaka darasa la nne, ila kwa kibali maalumu.

Hatuwalaumu wazazi hao kwamba hawana upendo. Mtu hakopi fedha kwa ajili ya mtoto asiyempenda. Kosa lao ni la fikira: wadhani kwamba mafundisho ni kitu kipatikanacho shuleni tu, na kwamba nyumbani mtoto hula, hulala, na kungoja kukua.

Leo twataka kueleza kinyume chake. Mtoto asiyetimiza miaka saba ana masomo ambayo hakuna awezaye kumfundisha vema kama wale anaokaa nao chini ya paa moja. Masomo hayo hayana ada, hayataki dawati, wala hayahitaji mzazi aliyesoma sana. Yataka maneno mengi, kazi za kila siku, na muda kidogo usiokatizwa.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi watoto wasiende shule. Sheria ya Elimu ya Tanzania ya mwaka 1978 ilimpa mzazi wajibu wa kumwandikisha mtoto aliyetimiza miaka saba, na ni wajibu mwema. Wala hatuwadharau walimu wa madarasa ya awali, ambao wengi wao wana watoto wengi mno katika chumba kimoja. Bali kwa sababu hiyo hiyo twasema: mwalimu mwenye watoto sitini hawezi kuzungumza na wako robo saa nzima. Wewe waweza.

Mwezi Machi mwaka 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa Uviko-19, shule za Tanzania zilifungwa, na zile za msingi hazikufunguliwa mpaka tarehe 29 Juni. Kwa jirani zetu wa Kenya watoto wengi walibaki nyumbani mpaka Januari 2021. Katika miezi ile wako wazazi walioshika kitabu cha mtoto wao kwa mara ya kwanza. Wakaona kwamba yule waliyemdhani anasoma alikuwa amekariri ukurasa tu. Ukiifunika picha kwa kiganja, sauti yake hunyamaza. Lakini wako pia walioona kwamba kumfundisha si jambo lililowashinda. Shule zilipofunguliwa, wengi waliweka kitabu chini wakashukuru kwamba mzigo umepata mwenyewe. Hapo ndipo tunapoona hasara.

Maneno kwanza

Mzazi akituuliza aanzie wapi, hatumwambii anunue ubao na chaki. Twamwambia: zungumza na mtoto.

Fikirini jinsi mtoto wa nyumba ya Kikristo anavyoijua sala ya Baba Yetu. Nani alimketisha akamfundisha? Mara nyingi hakuna. Alilala mapajani mwa bibi yake wakati wa sala ya jioni, akasikia sauti zikipanda na kushuka. Baadaye akawa akidaka neno la mwisho la kila fungu. Na siku moja, akiwa na miaka minne, akaisali yote, ijapokuwa ina maneno mazito ambayo hayasikii sokoni wala kisimani. Maana yake ataijua polepole. Lakini hapo twaona uwezo wa mtoto mdogo ulivyo mkubwa, na jinsi ufanyavyo kazi: kwa kusikia jambo lile lile, mahali pale pale, kutoka kwa watu anaowapenda.

Au tazameni sarufi. Mgeni mtu mzima hujifunza Kiswahili miaka miwili na bado husema "kiti yangu". Mtoto wenu wa miaka minne husema "kiti changu, mwiko wangu, sufuria yangu, maji yangu", wala hajapata kusikia neno ngeli. Amejifunza jikoni. Basi mtoto awezaye kazi ngumu namna hiyo, mbona twamdhani hajui lolote mpaka avae sare?

Lakini maneno hayaji yenyewe. Huja kwa kadiri yanavyosemwa. Yako majumba ambamo mtoto husikia siku nzima amri fupi tu: njoo, toka, acha, nyamaza, lete kile. Na yako mengine, ya watu maskini vilevile, ambamo mama husema, "Niletee ule mwiko mfupi ulio nyuma ya ndoo," kisha, "Huo ni mrefu, tafuta wenzake," kisha, "Mbona umekuja na mawili?" Mama huyu wa pili hakupoteza hata dakika moja ya kazi yake. Lakini mtoto wake amekwisha pata fupi na refu, nyuma na mbele, moja na mbili, na zaidi ya hayo amepata kujua kwamba akiulizwa anapaswa kujibu. Siku atakapoanza kusoma, maneno atakayoyakuta kitabuni atakuwa ameyasikia tayari. Na mtoto hawezi kulisoma kwa akili neno asilolijua kwa sikio.

Vitendawili visiachwe vife. Twaogopa kwamba katika miji yetu watoto wengi hawajui tena kuitikia "Tega!" Kitendawili kama kile cha nyumba isiyo na mlango, ambayo ni yai, humfanya mtoto ashike kitu kimoja akilini huku akitafuta kingine kinachofanana nacho, na kazi hiyo hasa ndiyo atakayotakiwa kuifanya katika hesabu na sayansi maisha yake yote. Hadithi nazo ni hivyo. Baada ya kumsimulia habari za Sungura na Fisi, mwambie akusimulie yeye. Atachanganya mwanzo na mwisho. Mwache. Usiku wa tatu ataanza kupanga.

Hapa twaulizwa swali na wazazi wa mikoani: je, tuseme nao Kisukuma, Kihaya, Kinyakyusa, au tuanze Kiswahili mapema, au hata Kiingereza? Jibu letu ni hili: semeni nao lugha mnayoijua vizuri kabisa. Mzazi asemaye na mwanawe kwa lugha anayoibabaisha humpa mtoto maneno machache na makosa mengi. Jambo hili si geni. Mwaka 1953 shirika la UNESCO lilichapa taarifa ya wataalamu waliokubaliana kwamba lugha ifaayo zaidi kumwanzishia mtoto masomo ni lugha yake ya mama. Mtoto mwenye maneno mengi ya Kihaya atayapata ya Kiswahili upesi, kwa sababu vitu vyenyewe amekwisha vijua. Kilichobaki ni kuvipa majina ya pili.

Herufi zisomwe kwa sauti za Kiswahili

Mtoto akitimiza miaka mitano, au akianza kuuliza mwenyewe maandishi ya kwenye mfuko wa unga yasemaje, mnaweza kumfundisha kusoma. Msiogope. Kiswahili ni rahisi kusomeka kuliko lugha nyingi za dunia, kwa kuwa herufi husemwa kama ilivyoandikwa, na irabu ni tano tu, wala hazibadiliki.

Lakini liko kosa moja ambalo twaliona kila mahali, nalo lahuzunisha kwa kuwa hutendwa kwa nia njema. Mzazi humfundisha mtoto kuimba majina ya herufi kwa Kiingereza: ei, bii, sii, dii. Mtoto huyaimba vizuri, wageni hupiga makofi. Kisha huonyeshwa neno "baba". Yeye husoma: bii, ei, bii, ei. Hilo si neno. Sauti alizofundishwa hazimsaidii kitu, tena zampoteza, maana irabu "a" ameambiwa ni "ei" na irabu "e" ameambiwa ni "ii". Mtoto wa namna hii anapofika darasa la kwanza mwalimu hana budi kumsahaulisha kwanza.

Anzeni na irabu: a, e, i, o, u. Ziandikeni kubwa, moja kwa siku moja, juu ya mchanga uani au juu ya majivu yaliyotandazwa katika ungo. Mtoto aifuate kwa kidole chake huku akiitamka sauti. Zikiisha irabu, ongezeni m: ma, me, mi, mo, mu. Hapo hapo ataweza kusoma "mama" na "mimi". Ongezeni b, naye atapata "baba", "bibi", "babu". Kisha k, t, l, d, n, s. Kila herufi mpya ifuatane na irabu zote tano kabla ya kuendelea, na kila siku ianze kwa kusoma yaliyopita. Msiharakie herufi mbili zenye sauti moja, kama ch na sh, wala mw, kw na nd. Na ile tofauti ya "ngoma" na "ng'ombe" ije mwisho kabisa. Q na x mziache, Kiswahili hakizihitaji.

Maneno kama "mtu" na "nchi" huwatatiza watoto, kwa sababu m na n husimama peke yake bila irabu. Dawa yake ni makofi. Pigeni kofi kwa kila silabi: m-tu, makofi mawili, m-to-to, makofi matatu, nchi, mawili. Sikio likiisha kukubali, jicho halitagoma.

Dakika kumi na tano kwa siku zatosha. Kumi kwa mtoto wa miaka mitano. Akipiga miayo, funga. Akiandika herufi kinyume, kwa mfano b ikawa d, usimkemee. Watoto wengi hufanya hivyo mpaka miaka saba, kisha huacha. Ni afadhali dakika kumi kila siku kuliko saa mbili siku ya Jumamosi zenye machozi.

Hesabu ziko jikoni

Mtoto akiweza kusema moja mpaka ishirini kama wimbo, bado hajui kuhesabu. Mwagieni maharage saba mkekani, mwulizeni ni mangapi. Kama kidole chake chapita juu ya harage moja mara mbili, au mdomo watangulia kidole, ajue kwanza kwamba kila harage lina namba yake moja, na kwamba namba ya mwisho ndiyo jumla. Jambo hili huchukua wiki nyingi. Msilipite.

Kiswahili chatusaidia hapa pia. Mtoto asemaye "kumi na tatu" asikia mwenyewe kwamba ni kumi, na tatu juu yake. Ugumu waanza kwenye ishirini, thelathini na arobaini, ambayo ni maneno yaliyotoka Kiarabu wala hayamwonyeshi mtoto makumi yaliyomo. Fungeni vijiti kumi kumi kwa uzi. Mafungu mawili ndiyo ishirini, matatu ndiyo thelathini. Ayashike mkononi.

Baada ya hapo nyumba nzima ni kitabu cha hesabu: sahani za watu watano na vijiko vyao; nyanya za mafungu matatu, kila fungu nyanya nne; mayai yaliyookotwa leo na jana. Mwanamke auzaye vitumbua ana nafasi kuliko mwalimu yeyote, kwa maana mtoto wake aona kwamba hesabu ikikosewa fedha hupungua. Na mahali bao lichezwapo, baba amruhusu mtoto apange kete. Bao letu la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za manane, na kete 64. Kuzigawa, kuzisambaza na kukisia zitakapokomea ni zoezi ambalo halimchoshi mtoto, kwani hajui kwamba anasoma.

Mikono ifanye kazi ya kweli

Tarehe 6 Januari 1907, katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo mjini Roma, daktari mmoja jina lake Maria Montessori alifungua nyumba ya watoto ambao wazazi wao walishinda kazini. Wenye majumba walikuwa na nia ndogo tu: waliogopa watoto hao wangeharibu kuta na ngazi. Daktari Montessori aliwaangalia kwa makini, akaona jambo ambalo nyanya zetu walilijua: mtoto mdogo akiachiwa kuchagua, mara nyingi huacha mwanasesere na kushika ufagio. Hutaka kazi ya kweli, yenye mwanzo na mwisho, na chombo kinachomtosha mkono. Naye aliwapa herufi zilizokatwa kwa karatasi ya msasa ili waziguse huku wakizitamka, na baada ya miezi michache watoto wa miaka minne na mitano walianza kuandika. Njia yake yatumika leo katika shule nyingi za watoto zinazoongozwa na masista hapa Tanzania. Lakini mchanga wa uani hufanya kazi ya karatasi ile, na kuchambua mchele, kukunja kanga, kumwaga maji kutoka kikombe hiki mpaka kile pasipo kumwaga chini, hutengeneza vidole vitakavyoshika kalamu.

Bila shaka mtoto akisaidia, kazi huchelewa. Atamwaga. Atavunja kikombe. Ndiyo maana wengi humfukuza jikoni akiwa na miaka mitatu, anapotaka sana kusaidia, kisha akiwa na miaka kumi, asipotaka tena, humwita mvivu.

Fimbo, haraka na simu

Methali ya samaki kukunjwa angali mbichi yapendwa sana na wapigao watoto. Lakini mvuvi mwenye kumkunja samaki mbichi hampigi. Humkunja kwa vidole, taratibu, na hufaulu kwa sababu samaki ni laini. Mtoto anayepigwa kwa kukosea herufi hajifunzi herufi. Ajifunza kuficha kwamba hajui, na mtoto afichaye hawezi kusaidiwa, kwa kuwa hatujui alipokwama. Adabu ni jambo jingine, na mtoto aheshimu wakubwa. Lakini kutojua si ukosefu wa adabu.

Haraka yatoka kwa majirani. Mtoto wa fulani amekwisha kuandika jina lake, wetu bado. Acheni. Mmoja husoma akiwa na miaka mitano, mwingine saba, na wakifika darasa la nne huwezi kuwatambua, ila kama yule wa pili alikatishwa tamaa. Lakini mtoto asiyesikia vizuri, au ambaye ametimiza miaka mitatu na hasemi maneno mawili pamoja, msimngojee. Mpelekeni kituo cha afya, masikio yake yapimwe.

Mintarafu ya simu, twajua jinsi inavyomnyamazisha mtoto upesi. Hiyo ndiyo hatari yake, maana mtoto aliyenyamazishwa haongei. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto asiyetimiza miaka miwili asiwekwe mbele ya kioo, na yule wa miaka miwili mpaka minne asizidishe saa moja kwa siku. Tena kwamba mtoto wa miaka mitatu na minne apate usingizi wa saa kumi mpaka kumi na tatu. Mtoto alalaye saa tano usiku baada ya kutazama katuni, asubuhi hawezi kufundishwa na yeyote. Hata hivyo simu ina tumizi moja jema sana, nalo ni kwa akina baba walio mbali, madereva, askari, wachimbaji. Baba apige jioni, asiulize tu "Hujambo? Umekula?" bali aulize, "Leo mmeokota mayai mangapi? Kuku yupi hakutaga?" Mtoto atakimbia kwenda kuangalia, kisha atarudi kueleza.

Vitabu ni shida katika nyumba nyingi, twakubali. Kitabu kimoja cha hadithi huisha kusomwa wiki mbili. Twapendekeza kila Jumuiya Ndogo Ndogo iwe na sanduku moja la vitabu vya watoto, lizunguke pamoja na sala, nyumba hii wiki hii na nyumba nyingine wiki ijayo. Familia kumi zikitoa kila moja kitabu kimoja, kila mtoto atakuwa amepata kumi. Mwenye sanduku aandike katika daftari ni kipi kimetoka na kimerudi lini, na mtoto ajuaye kuandika apewe yeye kazi hiyo.

Na siku mtakapomwandikisha darasa la awali au la kwanza, msitoe fomu na kuondoka. Mwambieni mwalimu kile mtoto akijuacho na kile asichokijua: amefika silabi za t, ahesabu vitu mpaka thelathini bila kukosea, aogopa kuulizwa mbele ya wengi, jicho la kushoto halioni vizuri. Mwalimu atahitaji miezi miwili kuyagundua hayo yote mwenyewe. Kisha jioni ile ile, mtoto akirudi, mketisheni mahali pale pale mlipozoea, mwulizeni alichosikia, na dakika zenu kumi na tano ziendelee.